Serikali Ilivyorudisha Majina ya Babu Zetu

Nchi yetu siitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba ukiitaja tu, wakubwa wetu watafurahi mno, wataandaa sherehe ya kutajwa, na sherehe zetu huwa na hotuba nyingi kuliko viti. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina milima na maziwa na wizara, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hata wakikanyagana kwenye foleni, anayekanyagwa ndiye anayeomba radhi.

Katika nchi hiyo majina ya zamani yalikuwa karibu kwisha. Hakuna aliyeyafukuza. Yaliondoka yenyewe taratibu, kama mgeni anayeona watoto wa nyumba wameanza kusinzia. Mabinti waliojifungua walitaka majina mapya yanayong'aa: Jeideni, Brayani, Trevori, Keshia. Mwalimu wa chekechea akiita "Jeideni!" nusu ya darasa husimama, na nusu iliyobaki hukaa kwa sababu ni Brayani. Majina kama Bundala, Nyamizi, Machano na Kazija yalibaki kwetu wazee, nasi tuliyatumia kwa uangalifu, maana tulijua tukiondoka yataondoka nasi.

Hatukulalamika. Mtoto akiwa mzima, anyonye, alale, jina lake hata liwe la gari, utafanyaje? Utambeba.

Mambo yalibadilika Rais wetu alipokwenda mkutanoni ng'ambo.

Rais wetu anaitwa Mheshimiwa Mkadamu. Huko ng'ambo walimkalisha mezani karibu na mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, akamwonyesha picha ya kitukuu wake. Akamwambia kwamba kwao siku hizi watoto wanapewa majina ya mabibi zao, yale waliyoyacheka zamani, na kwamba ndiyo fasheni iliyopo. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na kwenu, Mheshimiwa, kuna watoto wangapi wanaoitwa Mkadamu?"

"Wengi, mama," alijibu Rais. "Hawahesabiki."

Kweli hawakuhesabika. Aliporudi nyumbani aliagiza watafutwe, polisi wakazunguka nchi nzima. Walipata Barabara ya Mkadamu, Uwanja wa Mkadamu, Soko la Mkadamu, Hospitali ya Mkadamu na Daraja la Mkadamu, ambalo bado halijajengwa lakini kibao chake kinapakwa rangi kila mwaka. Walipata pia beberu mmoja mwenye ndevu, na mwenye beberu akalala rumande. Mtoto hawakupata hata mmoja.

Wanasema Rais alipoambiwa hivyo alisema, "Basi mimi nikifa, atakayeitika ni barabara?" Mimi nilipolisikia hilo nilimwonea huruma. Ni neno la mtu mpweke. Lakini mtu mpweke akiwa na baraza la mawaziri, upweke wake haubaki kwake.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Majina, Vyeo na Salamu.

Waziri wake wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Klintoni. Waandishi wa habari walipomuuliza itakuwaje waziri wa majina ya kale aitwe Klintoni, alicheka, akajifuta jasho, na kesho yake akatangaza kwamba amechukua jina la marehemu babu yake, Machano. Akahutubia taifa uwanjani.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Taifa lisilo na majina ni sawa na taifa lisilo na... lisilo na majina!"

Tukapiga makofi. Ilikuwa jua kali, na tuliona wazi kwamba sentensi ile imemtaabisha.

"Kuanzia leo," akaendelea, "kila mtoto wa kwanza atakayezaliwa, akiwa wa kiume atapewa jina la babu mzaa baba, na akiwa wa kike, la bibi mzaa baba! Na si kupewa tu! Jina lisiloitwa limekufa! Mama mzazi ataliita jina hilo kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya Serikali, na litaitikiwa!"

Nyuma yangu mama mmoja aliuliza polepole, "Mtoto mchanga ataitikaje?" Lakini bendi ilikuwa imeshaanza kupiga.

Ndipo walipokuja Maafisa Usikivu. Vijana wazuri, wenye sare za kijani na nembo ya sikio kifuani. Walikuwa wamepelekwa ng'ambo kusomea kusikiliza, katika chuo ambacho lugha yake hawakuijua, kwa hiyo walisikiliza kwa bidii kuliko wanafunzi wengine wote na wakarudi na vyeti vya juu. Kazi yao ilikuwa kukaa kwenye milango ya zahanati na kusikia kina mama wakiwaita watoto wao. Mama akiita na jina likaitikiwa, mtoto anapita kwenda kupimwa na kuchanjwa. Asipoita, mtoto hapiti, kwa kuwa Serikali haiwezi kumchanja mtu ambaye hajaitwa.

Sasa hapa niwaeleze kitu ambacho wakubwa wetu walikisahau, ingawa wote wamezaliwa na mama walioolewa.

Kwetu, mwanamke hatii kinywani jina la baba mkwe wake, wala la babu wa mumewe. Haijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kulitaja. Ni heshima tu, nayo imeshika ulimi kama ladha ya maziwa. Akitaka kumtaja atasema "baba", au "mzee", au "nanihii wa nyumba kubwa". Zamani, mtoto alipopewa jina la babu yake, mama yake alimwita "baba", mambo yakaisha. Na watoto wale walikuwa na bahati, maana utamgombezaje baba? Mama anakuja amenuna, kashika fimbo, maziwa yamemwagika sakafu nzima, halafu anajikuta akisema, "Baba, tafadhali usirudie." Hivyo ndivyo jina la kale lilivyokuwa likija, likiwa na upole wake pembeni. Serikali ililileta jina peke yake.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Nchi nzima kina mama walisimama milangoni, midomo wazi, hawana la kusema. Huku wakisema "wewe", kule "huyu bwana", kwingine "mwenyewe", na mahali pengi zaidi "nanihii". Wizara ilipofanya utafiti wake wa kwanza, iligundua kwamba jina linaloitwa kuliko yote nchini ni Nanihii. Waziri akafurahi. Akauliza, "Ni jina la upande gani wa nchi?" Washauri wake wakamjibu kwamba limeenea kote, akasema huo ndio umoja wa kitaifa. Hakujua kwamba hata nyumbani kwake mkewe alikuwa ameacha kumwita. Alipokuwa Klintoni aliitwa kutwa, chakula tayari, maji ya kuoga tayari. Alipokuwa Machano, ambaye ni babu wa ukweni, mkewe alianza kugonga sahani kwa kijiko.

Na redioni napo kulikuwa na tabu. Msoma habari wetu mwenye sauti tamu kuliko wote ameolewa na mtoto wa Rais. Zamani alisema "Mheshimiwa Rais" basi, yakaisha. Wizara ikaagiza kwamba majina ya kale yatajwe kwa ukamilifu, Rais kwanza. Siku hiyo tulimsikia akimeza mate, kisha akasoma, "Mheshimiwa Rais, baba yake mume wangu, leo amekagua Daraja la... la baba yake mume wangu, lililopo katika Barabara ya baba yake mume wangu." Hadi leo watu wa pande zile ukiwauliza daraja, wanakuonyesha kibao na kukwambia, "Hilo hapo, la Baba Mkwe."

Tulicheka, sikatai. Ila kicheko kiliisha ilipofika zamu ya Anitha.

Anitha ameolewa nyumba ya pili kutoka kwangu, kwa Frenki fundi redio, mtoto wa pekee wa Mzee Bundala. Hakulelewa na baba. Alipoolewa, alipomwambia yule mzee "Shikamoo, baba" mara ya kwanza, alilisema neno "baba" kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani, anaogopa kukanyaga.

Mzee Bundala si mtu wa maneno. Hasikii vizuri sikio la kushoto, na harusini hulia kuliko mama wa bibi harusi. Lakini nitawaambia niliyoyaona juu ya ua. Ugali wa kwanza wa Anitha ulikuwa na mabonge makubwa. Frenki alikunja uso. Mzee alikula yote, akasema yeye hupenda ugali wa kutafuna. Anitha alipopata mimba akawa hawezi harufu ya ugoro, mzee aliacha siku ileile, akasema daktari amemkataza. Daktari gani, hakusema, na zahanati hajawahi kwenda. Na uchungu ulipomshika, mvua inanyesha, magari hayapiti, mzee alimpakia kwenye toroli akamsukuma mwenyewe. Mkono mmoja toroli, mkono mmoja mwavuli wa kumfunika. Toroli la mkono mmoja haliendi moja kwa moja, linazunguka. Walizunguka hivyo, duara baada ya duara, mpaka zahanati, Frenki mbele akipiga kelele, "Jamani pisheni!" ingawa barabarani hapakuwa na mtu.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume. Kwa amri ya Serikali akawa Bundala.

Sasa mwambie msichana huyo alichukue jina la mtu huyo, alipayuke mlangoni kama anafukuza kuku.

Siku ya kliniki tulikuwa wengi. Mimi nilikuwa nimepeleka goti langu. Afisa Usikivu wetu alikuwa kijana anaitwa Kelvini. Wizara haikuwabadilishia maafisa wadogo majina, walisema wataanza na mawaziri na kushuka polepole. Nimseme vizuri kijana huyo, maana alistahili: jua likipanda, alikuwa anasogeza kiti chake nje ili kina mama wenye watoto wadogo wapate kivuli cha mlango.

"Karibu, mama," alimwambia Anitha. "Muite mwanao."

Anitha akamtazama mtoto. "Wewe," akaita.

"Wewe si jina, mama."

"Baba!"

"Baba ni cheo."

"Jamani... mwenyewe! Mwenye jina!"

"Ndiyo, mwenye jina. Jina lenyewe sasa."

"Bu..." alisema Anitha. Kwikwi ikamshika. Akajaribu tena. "Bu..." Kwikwi. Kina mama wote kwenye benchi tuliinama mbele, kama tunamsaidia kusukuma. Haikutoka. Akaanza kulia, na mtoto akaona mama analia naye akalia.

"Hawezi, kaka'angu," alisema mama mmoja. "Ni mkwewe, tena yule mzee wa toroli."

Kelvini alikuna nembo yake ya sikio. "Mimi naelewa, mama. Hata mama yangu hamtaji babu. Ila agizo limekuja." Akashusha sauti. "Ijumaa ijayo anakuja Mkaguzi na gari la Wizara. Watoto wasioitwa wanachukuliwa kwa muda, wanapelekwa Kituo cha Kuitwa, makao makuu. Wanaitwa na wataalamu kwa kipaza sauti, hadi wazoee."

"Kwa muda?" aliuliza Anitha.

"Kwa muda."

Katika nchi yetu "kwa muda" tunaijua. Uzio wa mabati wa ofisi ya posta uliwekwa kwa muda, na sasa umeota mipapai, na mipapai ina wajukuu.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Frenki alimwambia mkewe, "Sema tu, Anitha! Ni jina, si moto!"

"Basi wewe mwite mama yangu kwa jina lake, sasa hivi, mpigie simu."

Frenki akachukua simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Salio limeisha," akasema.

Majirani tulikuja na mashauri, kila mtu na lake. Mmoja alisema alitamke akiwa amefumba macho. Mwingine alisema alikate, leo aseme mwanzo wake, kesho mwisho. Mimi nilimwambia ajaribu kulisemea ndani ya mtungi, lisikiwe na maji tu, kinywa kizoee. Akaingiza kichwa mtungini. Tukangoja. Tulisikia kwikwi, kubwa zaidi, maana mtungi huvumisha sauti.

Wazo la kukimbilia kwa shangazi yake nchi ya jirani nalo lilizungumzwa, ila habari zilifika kwamba huko wameanza kurudisha majina ya babu wa babu, na hayo hata wenye nayo wameyasahau.

Alhamisi jioni Mzee Bundala alipita karibu na jiko akasikia mtu anapenga kamasi.

"Mama," akaita kutoka nje, "moshi huo?"

"Ndiyo, baba. Moshi tu."

Mzee alisimama kidogo. Niliona kutoka kwangu, na yeye aliona vilevile: jiko lilikuwa halijawashwa.

Ijumaa gari la Wizara lilikuwepo mapema, jeupe, injini inanguruma, na nyuma limetandikwa mablanketi madogo mapya. Mkaguzi alikuwa amesimama kando yake na suti nzito, anajipepea kwa kofia. Kelvini alikuwa mahali pake, lakini hakuwa na raha; kikombe chake cha chai kilikuwa kimepoa bila kuguswa. Anitha alifika na mtoto mgongoni, amemfunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na mafundo yake nilivyoyaona, kuyafungua ingekuwa kazi ya mchana kutwa. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Kabla hajaitwa, tulimwona Mzee Bundala anakuja barabarani, amevaa koti lake la harusi, lile la harusi yake mwenyewe. Hakusimama kwenye foleni. Tukampisha.

"Shikamoo, mzee," alisema Kelvini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuacha jina."

"Jina gani, mzee?"

"Langu. Nimelitumia vya kutosha, na halijachanika mahali. Nimemwachia mtoto. Mimi sina tena."

Kelvini alimtazama Mkaguzi, Mkaguzi akasogea. "Haiwezekani," alisema Mkaguzi. "Raia hawezi kukaa bila jina. Atahesabiwaje? Atazikwaje?"

"Basi nipeni jingine," alisema mzee. Akamgeukia Kelvini. "Wewe unaitwa nani?"

"Mimi? Kelvini, mzee."

"Umesemaje? Nisemee upande huu."

"Kelvini!"

"Ni zuri hilo?"

Kelvini alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nimelizoea," alisema.

"Nipe hilo."

Benchi lilipasuka kwa kicheko. "Mzee Kelvini!" alipiga kelele mama mmoja. "Jamani, mzee anarudi ujana!" Nesi ilibidi aweke chini sindano asije akamchoma mtu asiyehusika. Mwingine akasema, "Naombeni na baba mkwe wangu mumpe Trevori, nipumzike!"

Lakini Kelvini hakucheka. Alikuwa ameanza kuinuka. Maana kwetu watu wawili wenye jina moja ni somo, na mtu akimpata somo wake aliyemzidi umri, haketi. Anainuka, anampa kiti, na anampa kitu kwa mkono wake. Akina Kelvini walikuwa wengi nchini, lakini wote vijana wenzake, wa kusukumana mabegani. Somo mzee, mwenye mvi na koti, hakuwahi kuwa naye. Alimvuta mzee kwa mkono akamkalisha kwenye kiti cha Serikali, akampa kikombe chake cha chai.

"Imepoa kidogo, somo," alisema.

"Ndiyo naipenda hivyo," alisema mzee, akanywa.

"Afisa!" alisema Mkaguzi. "Huyu amebadili jina bila kibali cha Wizara!"

"Ni somo wangu, bwana mkubwa."

"Kisheria?"

"Kinyumbani," alisema Kelvini, na hakuketi.

Mkaguzi alivua kofia, akaivaa, akatazama gari lake na mablanketi yake. "Haya," akasema. "Kama mzee si Bundala tena, mama hana kisingizio. Amwite mtoto. Sasa hivi. Kwa sauti. Na jina liitikiwe, kama Mheshimiwa Waziri alivyosema. Lisipoitikiwa, naondoka naye."

Kicheko kikafa. Anitha alimshusha mtoto mgongoni. Mafundo yake yalimpa tabu, tukamsaidia, mimi na mama mwingine. Akaketi kwenye benchi, akampakata. Mtoto alikuwa macho, amelowesha kanga, hana habari na Serikali.

Anitha alimtazama baba mkwe wake. Mzee alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mgeni, pita, mlango uko wazi.

Anitha akavuta pumzi, akafumba macho, akaita kwa nguvu, kama anaita mtu ng'ambo ya mto:

"Bundala!"

"Naam!" aliitika mzee, akasimama, chai ikamwagika kwenye koti.

Anitha alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mtoto akabaki mapajani kwa neema ya Mungu tu. Mzee alisimama palepale na kikombe kitupu, amefedheheka. Amelijibu jina lile maisha yake yote, kwa mama yake, kwa marehemu mkewe, shambani na msibani. Utafanyaje? Mdomo ulimtangulia.

"Nani ameitika?" aliuliza Mkaguzi.

Kelvini akajinyoosha, akavuta shati lake la kijani likae vizuri.

"Mimi ndiye Afisa Usikivu wa mlango huu," alisema. "Nimesikia jina likiitwa na mama mzazi. Nimesikia likiitikiwa. Nimeridhika."

"Lakini ni yule mzee!"

"Bwana mkubwa, mimi nimesomea kusikia. Kuona ni idara nyingine."

Mkaguzi aligeuka. Aliwatazama kina mama kwenye benchi, nasi tulimtazama wote kwa upole, upole ule ambao mtu hupenda kuukimbia haraka. Mama mmoja, nimkumbuke kwa wema, alimpelekea ndizi mbivu ya njiani, maana safari ya makao makuu ni ndefu, na mtu akiwa na njaa huwa mbaya zaidi. Aliipokea. Akapanda gari, likaondoka na mablanketi yake.

Nesi akamchukua mtoto, akampima, akamdunga chanjo. Mtoto alipiga ukelele uliotikisa madirisha ya zahanati.

Anitha alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe, baba," alisema. "Nimekuita kama mtoto."

"Hukuniita mimi. Mimi ni Kelvini," alisema mzee, na somo wake nyuma akatikisa kichwa kukubali. Mzee akajifuta chai kifuani, akajifuta na macho, kwa kitambaa hichohicho. Halafu akainama, akamsogezea sikio la kulia, lile zuri.

"Mama," alisema. "Hebu ita tena."

"Baba, siwezi."

"Umekaa nyumbani kwangu siku zote hizi, sijawahi kulisikia likitoka kwako. Mke wangu alikuwa akiliita vizuri. Tangu aende, Frenki ananiita baba, majirani wananiita mzee." Akatazama pembeni. "Mara moja tu. Mwite mtoto, mimi nisikilize."

Nesi alimrudisha mtoto, bado ana machozi mashavuni. Anitha alimpokea, akamweka begani, akamgonga mgongo taratibu. Hakumtazama mzee, kwa adabu. Alimtazama mtoto. Kisha akaita, safari hii bila nguvu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha aliyelala vizuri.

"Bundala," alisema. "Bundala wangu."

Mzee alifumba macho. Midomo ilimcheza, lakini hakuitika. Alimwachia mtoto.